Fundi Huanza na Kilicho Kizima

Kifaa kikigoma kusomwa na kompyuta, wengi wetu huuliza kimeharibika nini. Fundi aliyeiva huuliza swali jingine: mpaka hapa, kizima ni kipi? Ufundi ninaotaka kuusifu umo katika tofauti ya maswali hayo mawili. Nimeushuhudia Musoma, katika kibanda kilicho karibu na Barabara ya Mukendo, mbele ya kompyuta ya mezani ya mtumba. Mpita njia hawezi kujua kwamba pana kazi kubwa inayofanyika. Anachoona ni mtu aliyeinama, anachomeka kitu chenye ukubwa wa flash, anatazama kioo, anachomoa, anaandika mstari mmoja kwenye daftari, kisha anachomeka tena.

Kitu hicho ni dibaga. Hutumika kuingia ndani ya chipu inayoongoza kifaa, iwe ni kidhibiti chaji cha sola, king'amuzi cha televisheni au bodi ya taa za kuvulia dagaa. Dibaga huisimamisha chipu katikati ya kazi, ikasoma kumbukumbu yake, ikaitembeza amri moja baada ya nyingine, au ikaifutia programu iliyoharibika na kuichomea nyingine. Asili yake ni shida ya miaka ya 1980, bodi zilipoanza kubanana vipande kiasi kwamba sindano ya kupimia haikupata pa kugusa. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni mbalimbali waliunda kikundi cha kutafuta njia ya kuikagua bodi kupitia chipu zenyewe, na mwaka 1990 njia hiyo ikawa kanuni rasmi, IEEE 1149.1, ambayo mafundi wanaijua kwa jina la JTAG. Baadaye kampuni ya Arm ilileta njia fupi zaidi, SWD, inayotosheka na nyaya mbili za mawasiliano na ya tatu ya ardhi. Leo dibaga ya SWD iliyoigwa kutoka kwa ST-Link ya STMicroelectronics inanunulika kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaimudu.

Tatizo ni kwamba dibaga haina maana mpaka kompyuta ikubali kuzungumza nayo, na mazungumzo hayo hupitia draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Hapo ndipo mafundi wengi wazuri hukwama. Mtu anaweza kuwa hodari wa kulehemu, akajua kusoma mchoro wa saketi, lakini akashindwa na alama ndogo ya njano kwenye orodha ya vifaa ya Windows.

Huku mkoani Mara kushindwa huko kuna bei yake. Mwanza iko kilomita zipatazo 220, na Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilomita 1,000. Kipuri kinachoagizwa huja kwa basi, baada ya simu, kutuma pesa na kusubiri. Mwenye taa za dagaa naye hana muda wa kusubiri, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Bodi ya taa ikifa giza linapoanza, kila usiku wa kusubiri ni usiku ambao mtumbwi umelala mwaloni. Fundi akisema dibaga imekufa kumbe ni nzima, au bodi imekufa kumbe ni draiva, watu wanapoteza fedha ambayo hawatairudisha mpaka mwezi ujao. Ndiyo maana hapa neno "imekufa" halitamkwi ovyo.

Mkoa wa Mara ni mkoa wa ng'ombe. Mfugaji wa huku akihisi jioni kwamba mmoja hayupo, hakimbilii porini. Kwanza anahesabu waliomo zizini, kwa rangi na kwa mama zao, na hesabu ya waliopo ndiyo inayomwambia nani hayupo. Fundi wa dibaga anafanya vivyo hivyo. Anajua kwamba kati ya kompyuta na chipu anayoitaka kuna viungo vinane: tundu la USB, waya, chipu iliyo ndani ya dibaga, kitambulisho chake, draiva, programu inayoitumia hiyo draiva, nyaya zinazokwenda kwenye bodi, na mwisho chipu ya bodi yenyewe. Kiungo chochote kikikatika, jibu analolipata mteja ni lile lile: hakisomi. Kwa hiyo fundi hakisii kiungo kipi kimekatika. Anavihesabu vilivyo vizima, kuanzia upande wa kompyuta, na hapigi hatua mpaka cha nyuma yake kimethibitika.

Anaanza na tundu. Kompyuta nyingi zinazofika vibandani zimetoka ofisini au steshenari, na nyingine zimekuja kutoka Bunda zikiwa na vumbi la barabara kuu. Matundu ya mbele ndiyo yaliyochokozwa na flash za wateja kwa miaka, tena yameunganishwa na bodi kuu kwa waya wa ndani ambao nao huchoka. Fundi huzunguka nyuma ya kompyuta, kwenye matundu yaliyolehemewa juu ya bodi kuu yenyewe. Anapima volti kwa testa, anataka kuiona karibu na 5. Kisha anachomeka flash anayoijua. Ikisoma, tundu ni zima, na anaandika hivyo.

Halafu waya. Soko limejaa nyaya za USB zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu: ndani yake kuna nyaya mbili za umeme, na zile mbili za kupitisha data hazimo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Taa ya dibaga itawaka vizuri kabisa, na kompyuta haitasikia lolote. Fundi ninayemsema ana waya mmoja aliouzungushia uzi mwekundu. Huo haumpi mtu, hauchajii simu, na kazi yake ni kuwa shahidi. Vilevile ana dibaga moja na bodi moja ambazo hazitumii kwa kazi ya wateja. Vitu vitatu hivi ni mtaji mkubwa kuliko mashine yoyote aliyonayo, kwa sababu kila kitu chenye shaka kinaweza kupimwa dhidi ya kitu kisicho na shaka.

Baada ya waya ndipo fundi anasikiliza. Dibaga inapochomekwa, kikinzani kidogo cha kilo-omu 1.5 kilichomo ndani yake kinavuta mmoja wa nyaya za data mpaka volti 3.3, na kwa ishara hiyo tu kompyuta inajua kwamba kuna mgeni mlangoni. Kompyuta inamuuliza mgeni ni nani. Mgeni anajibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. ST-Link toleo la pili hujibu 0483 na 3748. Ni baada ya jibu hilo tu ndipo Windows inakwenda kutafuta draiva inayolingana na namba hizo.

Mpangilio huo ni muhimu sana, na ndipo nilipoelewa kwa nini fundi huyu hufika haraka kuliko wanaokwenda mbio. Mtu mwenye haraka akiona ujumbe kwamba kifaa hakitambuliki, anafungua intaneti na kuanza kupakua draiva, moja baada ya nyingine, akitumia bando na kuifungulia kompyuta mlango wa virusi. Fundi hufungua maelezo ya kifaa na kutazama namba. Akikuta 0000 na 0002, pamoja na kosa namba 43, anajua kwamba mgeni aliulizwa jina akashindwa kulitaja. Windows haiwezi kuwa imekosea draiva, maana haijafika hata kwenye kuichagua. Hakuna draiva duniani itakayotibu hilo. Anarudi nyuma kwenye waya, kwenye tundu, kwenye lehemu ya soketi ya dibaga. Lakini akikuta 0483 na 3748 na kosa namba 28, anatabasamu: tundu, waya, chipu ya dibaga na kitambulisho chake, vyote vinne ni vizima. Kinachokosekana ni draiva tu.

Siku moja mzee mmoja mwenye taa za dagaa alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri. "Fundi, kimekufa?" akauliza. Fundi akageuka, akamjibu kwa sauti ya heshima: "Bado sijajua, mzee wangu. Mpaka sasa waya ni mzima, na hii dibaga ni nzima. Tunasogea." Mzee akatikisa kichwa, akatulia. Sijasikia taarifa ya ufundi iliyo sahihi kuliko hiyo. Hakumpa mzee tumaini la bure, na hakumtisha. Alimwambia mpaka uko wapi.

Draiva nayo ina milango yake. Tangu Windows Vista ya biti 64, draiva inayoingia kwenye kiini cha mfumo lazima iwe na saini ya kidijitali, na kuanzia Windows 10 toleo la 1607 la mwaka 2016, kompyuta iliyowekewa mfumo upya huweza kutaka draiva mpya za aina hiyo ziwe zimepitia kwa Microsoft yenyewe. Draiva ya zamani iliyohifadhiwa kwenye flash ya rafiki huweza kukataliwa kwa kosa namba 52, saini haikuthibitika. Watu wengi huzima ulinzi huo ili wapite. Fundi mwangalifu hutafuta draiva yenye saini kwa mtengenezaji, akaihifadhi kwenye flash yake pamoja na tarehe, ili siku mtandao ukiwa mbaya asiombe kwa mtu.

Kuna programu iitwayo Zadig ambayo hukipa kifaa cha USB draiva ya jumla, WinUSB, na kwa dibaga nyingi za kuigwa ndiyo suluhisho. Nimemwona akiitumia kwa mikono ya daktari. Anasoma namba za kitambulisho kwenye kioo, anazilinganisha na zile alizoandika daftarini, tarakimu kwa tarakimu, ndipo anabonyeza. Ana sababu. Ukichagua kifaa kisicho chenyewe unaweza kuivua kibodi au mausi draiva yake, ukabaki na kompyuta usiyoweza kuiamrisha. Tena draiva ya jumla ikishakaa, programu ya mtengenezaji inaweza kuacha kuiona dibaga ile ile ambayo jana iliiona. Kwa hiyo kabla ya kubadili, anaandika iliyokuwepo ni ipi. Hakuna hatua anayopiga bila kujua namna ya kurudi nyuma.

Pale ambapo Windows inatoa majibu yanayopingana, anamwita shahidi mwingine: flash yenye mfumo wa Linux. Anaiwasha kompyuta ile ile kutoka kwenye flash, bila kugusa diski, na kuandika amri moja, lsusb. Kama namba za dibaga zinaonekana pale, basi tundu, waya na dibaga vimesafishwa jina kwa pamoja, na kosa limebaki ndani ya Windows. Kama hazionekani kokote, basi ni chuma. Swali moja limegawa tatizo katikati, na halikuhitaji intaneti wala kipuri.

Linux nayo ina mitihani yake, na mmojawapo naupenda kwa sababu unaonyesha tabia ya fundi. Kuna chipu ya bei nafuu, CH340, inayotumika kwenye bodi nyingi na kwenye nyaya za kuchomea programu za ving'amuzi. Kitambulisho chake ni 1a86 na 7523. Ubuntu 22.04, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilipotoka mwaka 2022, watu wengi duniani waliona kifaa hiki kikichomekwa kinaonekana kwa sekunde kisha kinatoweka. Sababu ilikuwa brltty, programu inayowawezesha wasioona kusoma kioo cha kompyuta kwa vidole kupitia kifaa cha nukta nundu. Kipo kifaa cha nukta nundu kinachotumia kitambulisho hicho hicho, kwa hiyo programu ilidhani kimefika chake, ikakichukua. Ukisoma kumbukumbu ya mfumo kwa amri ya dmesg, jina lake limeandikwa waziwazi. Ushauri ulioenea ni kuiondoa brltty yote. Fundi ninayemsema alifungua faili la kanuni na kuuzima mstari mmoja tu wenye namba zile. Nilipomuuliza kwa nini ajisumbue, alisema kompyuta ile inaweza kuuzwa kesho kwa mtu asiyeona. Ufundi wa kweli hautengenezi cha mteja mmoja kwa kumharibia mwingine asiyejulikana.

Yapo pia matatizo ambayo hayakutokana na bahati mbaya. Oktoba 2014, draiva ya kampuni ya FTDI iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows iliziandikia chipu za kuiga namba ya bidhaa 0000, na vifaa vilivyokuwa vikifanya kazi vikaacha kutambulika. Baada ya malalamiko, draiva hiyo iliondolewa. Kampuni ya Prolific nayo ina draiva zinazokataa chipu zake za zamani na za kuiga kwa kosa namba 10. Mnunuzi wa mwisho hakujua kwamba chipu ndani ya waya wake ni ya kuiga, alinunua waya. Fundi anayejua historia hii akiona namba 0000 mahali pasipostahili hatupi kifaa. Anajua kwamba kitambulisho kiliandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kuandikwa upya. Vifaa vilivyookolewa namna hiyo havikuwa vimekufa. Vilikuwa vimenyang'anywa majina.

Draiva ikishakaa sawa, bado nusu ya njia imebaki. Hapo fundi huwasha OpenOCD, programu huria ambayo Dominic Rath aliianzisha mwaka 2005 kama kazi yake ya kuhitimu masomo huko Augsburg, Ujerumani, na ambayo leo inatumika kokote palipo na mtu mwenye bodi na subira. Miongoni mwa mambo ya kwanza inayoyataja ni volti ya upande wa pili. Ikiwa karibu na 3.3, kwa kawaida bodi ina umeme. Ikiwa sifuri au karibu yake, hakuna haja ya kuendelea. Kisha inaiuliza chipu kitambulisho chake cha ndani. Chipu halisi ya STM32F103, ya STMicroelectronics, hujibu 1ba01477. Chipu nyingi za kuiga hujibu 2ba01477, na OpenOCD ikikuta hivyo inasimama na kulalamika. Wengi husoma lalamiko hilo kama kushindwa. Fundi hulisoma kama habari njema, kwa sababu chipu imejibu. Iliyojibu iko hai, na nyaya zote ni nzima. Kilichobaki ni kubadili namba inayotarajiwa.

Isipojibu, anazitazama nyaya. Je, waya wa ardhi umefungwa? Je, herufi zilizochapwa juu ya ganda la dibaga zinalingana na pini za ndani? Kwenye dibaga za kuigwa mara nyingine hazilingani, kwa hiyo anafungua ganda na kusoma bodi yenyewe. Anafupisha nyaya, anapunguza kasi. Na kama programu iliyomo kwenye chipu imezichukua pini za SWD kwa kazi nyingine, anaishikilia chipu kwenye pini ya kuianzisha upya, ili dibaga iingie kabla programu haijaamka. Kidole kinaachia wakati ule ule ambao amri inapita. Hapo mkono na akili vinafanya kazi moja.

Ninapoitazama kazi hii Musoma, nakumbuka safari ya nchi yetu na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, wakati wa uongozi wa Mwalimu Nyerere, serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Leo Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake. Kizazi kilichokosa kuzigusa mashine hizi kimefuatwa na kizazi kinachozifungua mpaka ndani ya chipu. Musoma ina shule ya sekondari ya ufundi yenye historia ndefu, na vijana wanaofundishwa kulehemu na kupima wako tayari nusu ya njia. Mwanafunzi wa kilimo anayetaka kuunda kipima unyevu wa udongo atakutana na alama ile ile ya njano siku ya kwanza, na akifundishwa vibaya ataamini kwamba ni lazima anunue kifaa kingine.

Ufundi huu unafundishika, na hauhitaji maabara ya gharama. Unahitaji kompyuta moja, flash ya Linux, waya mmoja usio na shaka, dibaga mbili na daftari. Daftari ndilo ambalo vijana hulidharau, nalo ndilo linalomtofautisha fundi na mbahatishaji. La fundi huyu lina safu nne: tarehe, namba za kitambulisho, kosa lililoonekana, na kitu kimoja kilichobadilishwa. Kimoja tu. Ukibadili viwili kwa mpigo na kifaa kikasoma, umepata kifaa lakini umepoteza maarifa, na kesho utaanza upya.

Mtu akiniuliza mwanafunzi afundishwe nini kwanza, nitasema: apewe kifaa kisichosoma, akatazwe kutaja kilichoharibika, na alama apewe kwa kila kitu atakachothibitisha kuwa kizima. Akifika mwisho wa orodha hiyo, ubovu utakuwa umebaki peke yake, na hatakuwa na haja ya kubahatisha.